Mota ya Simuleta Inashtuka? Fungua Kaboni Kabla ya Kununua Nyingine

Karibuni tena kwenye chaneli. Mota hii hapa mezani imeniudhi sana wiki hii. Lakini msiondoke, kwa sababu ina sehemu moja ninayoipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye simuleta nzima ya kuendesha gari, na nitawaonyesha kwa karibu kabisa.

Ni mota ya volti 24, yenye kaboni, yaani vile vipande viwili vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka, na giaboksi imefungwa mbele. Habari za wati na uwiano wa gia mnazijua, sizirudii. Kwenye fremu ziko mbili, kushoto na kulia, zinainamisha kiti. Tatizo ni ya kushoto. Unaingia kona, kiti kinaanza kulala vizuri, mara mota inasita, halafu inaruka kwa nguvu kufidia pale ilipochelewa. Mgongo unapata teke!

Najua wengi mkiona hivyo mnakimbilia kwenye programu, mnaanza kupandisha na kushusha Kp na Kd, zile namba zinazoamua mota ifuate amri kwa ukali gani. Acheni kwanza. Mipangilio hiyohiyo inaendesha mota ya kulia bila shida yoyote.

Zima umeme, fungua mkono unaounganisha mota na kiti. Hatua hii usiiruke, mota hizi zinavunja vidole. Sasa hamisha: mota ya kushoto iende kwenye drava ya kulia, yaani saketi inayoipa mota umeme, na ya kulia ije kushoto. Na sikilizeni vizuri hapa, waya wa sensa, ile inayosoma nafasi ya mota, uhame pamoja na waya nene za mota. Ukihamisha waya nene peke yake, drava itazungusha mota moja huku ikisoma nafasi ya nyingine, na mota itakimbia mpaka igonge mwisho.

Haya, nimehamisha, nawasha... mnaiona? Kushtuka kumehama na mota. Kwa hiyo drava haina kosa. Ingekuwa mota inazunguka upande mmoja tu na upande wa pili inagoma, hapo ningeshuku drava moja kwa moja. Drava ya IBT-2 ina chipu mbili za BTS7960, ikiungua moja hiyo ndiyo dalili utakayoiona. Halafu ile ampea 43 mnayoiona kwenye matangazo ya drava hizi ni kiwango ambacho chipu yenyewe inaanza kujizuia. Msitegemee kile kipande kidogo cha bati cha kupozea kibebe mzigo huo muda mrefu. Nyie wenye viti vizito, wekeni feni.

Imebaki mota au sensa. Sensa naitoa kabisa kwenye hesabu: natenga mota, naipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Sikilizeni mlio. Inavuma, inakatika, inavuma. Hakuna sensa hapo, hakuna Arduino ya kutoa amri, na bado inasita. Ugonjwa uko ndani ya mota.

Sasa ndiyo ile sehemu ninayoipenda. Nasogeza kamera. Mnaona hizi kofia mbili nyeusi za plastiki, moja huku na moja upande wa pili? Nachukua bisibisi bapa, nazungusha taratibu... na springi inasukuma kaboni nje. Basi! Hujafungua mota, hujagusa giaboksi, hujamwaga grisi. Angalia uso wake: unang'aa, umejipinda kufuata mviringo wa komyuteta, ile silinda ya shaba inayozunguka ndani ya mota. Kaboni nzima hii.

Twende upande wa pili. Kofia imetoka, springi imetoka, kaboni haitoki. Tazameni, navuta kile kiwaya chake cha shaba kilichosukwa, haisogei. Naisaidia na kijiti cha mbao... inakuja kwa shida, na nyuma yake unga mweusi umejaa. Huo unga ni kaboni yenyewe inayolika. Kwenye simuleta mota inageuza mwelekeo kila wakati, unga unajazana kwenye kishikio, kaboni inakwama, springi haiwezi kuisukuma iguse komyuteta. Mguso ukikatika, mota inasita, ukirudi, inaruka. Ndilo lile teke.

Kusafisha: kitambaa kisichoacha nyuzi, alkoholi ya isopropili, na kijiti kupitisha kwenye kishikio. Mafuta msiweke kabisa, yanashika unga na kuugeuza tope. Kaboni ikiwa imelika ikabaki fupi, weka mpya.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Waliotengeneza mota wameweka kofia nzuri namna hii, halafu kaboni za akiba hawauzi, wala vipimo vyake hawaandiki popote! Kwa nini? Inabidi upime mwenyewe upana, unene na urefu, utafute inayokaribia, uisugue kwa msasa mwembamba hadi iteleze bila kucheza.

Hata hivyo, nikilinganisha na mota za waipa, bado nachukua hii. Zile bei yake ni nafuu, lakini nyingi kaboni zake ziko ndani; ukifungua zinarukia katikati, na kuzirudisha kwenye komyuteta ni kazi ya mikono mitatu. Servo za AC hazina kaboni, na drava yake inakuonyesha msimbo wa hitilafu, safi sana, ila bei inapaa, na mliouliza kama nitahamia huko, kwa sasa hapana. Mota inayofunguka kwa bisibisi moja inanitosha.

Video ijayo ni ya pawa sapulai inayojizima mota zikifunga breki. Mmeiomba sana, inakuja, jisajilini msiikose.

Kabla ya kurudisha mkono: kaboni mpya ina uso bapa, bado haijashika mviringo. Iendeshe mota bila mzigo kwa volti ndogo, 12 inatosha, kwa dakika kama 20. Cheche kidogo mwanzoni ni kawaida. Zikiendelea baada ya hapo, mulika tochi kwenye tundu la kaboni na uangalie komyuteta. Ikiwa ina kipande kilichoungua, hapo ndipo mota inatoka kwenye fremu.