CZ 75 B: uzoefu wangu na Ceska ya chuma kitupu, na ya kukagua kabla hujalipa

Kenya neno "Ceska" limekuwa kama jina la bastola yenyewe. Kwa hiyo mwuzaji akikwambia ana Ceska nzuri, bado hajakwambia kitu. Česká zbrojovka ni kiwanda kizima, kipo Uherský Brod katika Jamhuri ya Cheki, na kimetoa bastola za kila namna: CZ 83 ndogo, P-07 na P-10 zenye fremu ya plastiki, na hii ninayoizungumzia, CZ 75 B, ambayo fremu (kiunzi chenye mpini), slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka) na mtutu vyote ni chuma. Uliza modeli, kisha uliza inakula risasi gani. Jibu la "tisa mili" halitoshi. CZ 75 kwa kawaida hula 9×19 (upana wa milimita 9, ganda la urefu wa milimita 19), ilhali CZ 83 hutumia risasi fupi: kuna za 7.65, kuna za 9 fupi, kuna za Makarov. Ukikosea hapo, cheti cha kumiliki kitaandikwa risasi moja na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, itataka nyingine.

Suala lenyewe ni uzito. Mengine yote yanafuata nyuma yake. CZ 75 B ikiwa na magazini (kile chombo cha risasi kinachoingia mpinini) tupu ina kilo 1. Tia risasi 16, kila moja gramu 12 hivi, inakaribia kilo 1.2. Glock 17, bastola ya fremu ya plastiki, ikijaa risasi zake 17 ina gramu 900 na kidogo. Tofauti hiyo kwenye karatasi haitishi mtu. Kiunoni ni habari nyingine: mkanda wa kawaida wa suruali hujikunja, ala (mfuko wa bastola) inainama kwa nje, mpini unachomoza chini ya shati, na kufika alasiri unajikuta unaivuta juu kila unapoinuka kwenye kiti. Anayetaka kutembea nayo kutwa nzima namshauri anunue mkanda mgumu wa tabaka mbili na ala inayobana kabla hata ya kuichukua bastola, au aitazame P-07, ambayo ina triga ya mtindo uleule kwa uzito mdogo zaidi.

Kwenye uwanja wa shabaha uzito huohuo unageuka faida. Kwa risasi ileile, bastola nzito hupiga teke dogo. Ukiilinganisha na Glock 17, zote zikiwa zimejaa, nguvu ya teke inapungua kwa karibu robo. Ongeza na umbo. Ndugu wawili, Josef na František Koucký, walioibuni CZ 75 iliyotoka mwaka 1975, waliifanya slaidi itembee ndani ya reli za fremu badala ya kuifunika fremu kwa nje. Slaidi hukaa chini, mtutu ukawa karibu na mkono, na mdomo wa bastola haurukiruki. Risasi ya pili inarudi shabahani bila kuihangaikia. Kwa mtu anayejifunza, mimi naiona hii kuwa mojawapo ya bastola za 9×19 zinazosamehe makosa ya mkono.

Lakini umbo hilo lina gharama yake. Slaidi iliyozama ndani haiachi mahali pengi pa kushika. Mikono yenye jasho huteleza. Ukiona ni ngumu kuikoki, vuta kwanza nyundo nyuma kwa kidole gumba, halafu ndiyo uvute slaidi. Unapoanza nyundo ikiwa imelala, slaidi hushindana na springi mbili, yake na ya nyundo. Nyundo ikiwa tayari nyuma inabaki moja. Watu wengi huikataa bastola hii dukani kwa kutolijua hili tu.

Triga ni ya namna mbili. Nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito. Baada ya hapo slaidi inakoki nyundo yenyewe, na mvuto unaofuata ni mfupi na mwepesi kwa zaidi ya nusu. Wapigaji wapya hukosa risasi ya kwanza chini, ya pili juu, wakaisingizia bastola. Njia nyingine ni kuibeba nyundo ikiwa imekokiwa na sefti, yaani kifungio cha usalama, imepandishwa, na modeli hii imeundwa kuliruhusu hilo.

Hapa ndipo penye hatari. Sefti ya 75 B haipandi kama nyundo imelala. Na haina kitenzo cha kushusha nyundo chenyewe. Kuishusha huku chemba ina risasi ina maana ya kushikilia nyundo kwa gumba huku unavuta triga. Gumba likiteleza, risasi inatoka. Sishauri mtu afanye hivyo. Anayetaka kubeba nyundo ikiwa chini anunue 75 BD: mahali pa sefti ina kitenzo kinachoishusha nyundo bila kugusa triga.

Ukiipata ya mkono wa pili, usiridhike na mng'aro. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole, ndipo uendelee. Namba zilizopigwa kwenye fremu, slaidi na mtutu zilingane. Koki nyundo, isukume mbele kwa gumba bila kugusa triga. Ikianguka, irudishe mezani na uage. Koki tena, pandisha sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha shusha sefti: nyundo isitikisike. Halafu kuna jaribio la penseli. Mdomo wa bastola ukiwa juu, dondosha penseli ndani ya mtutu, upande wa kifutio utangulie, kisha vuta triga. Pini ya kupigia, ile inayogonga kitako cha risasi, ikiwa nzima, penseli inaruka nje. Ikitikisika tu, ama pini ina uchafu ama springi ya nyundo imechoka.

Sasa ifungue. Nyuma upande wa kushoto kuna alama mbili ndogo, moja kwenye slaidi, moja kwenye fremu. Rudisha slaidi nyuma milimita chache hadi zilingane, ishikilie hapo, na kwa upande wa kulia sukuma ncha ya pini ya kizuizi cha slaidi, kile kinachoishika slaidi nyuma risasi zikiisha. Kitako cha magazini kinafaa. Kizuizi kikitoka, slaidi inateleza mbele yote. Huhitaji kuvuta triga, jambo ambalo bastola nyingi za plastiki haziwezi kujisifia. Kiangalie kizuizi hicho kwenye mwanga mkali. Pini yake ndiyo inayobeba kishindo cha mtutu kila risasi inapotoka, na ndiyo sehemu inayojulikana kukatika ikishapigwa sana. Ufa mwembamba kama unywele ukionekana, kibadilishe. Kinachoua kizuizi mapema ni springi ya slaidi iliyochoka, kwa hiyo mimi ningeibadilisha hiyo kila risasi 5,000, au mara moja ikiwa mwuzaji hajui imepigwa mara ngapi.

Mazoezi ya kuvuta triga bila risasi yafanywe kwa risasi bandia chembani. Kwenye toleo la B pini ya kupigia inazuiliwa na kipini kidogo cha kuviringishwa, nacho hupindika au kukatika kikigongwa bure mara nyingi.

Magazini isipodondoka yenyewe ukibonyeza kitufe, haijaharibika. Ndani kuna kibati kilichopindwa kinachoishika kwa makusudi.

Kutu ndilo somo la watu wa pwani. Bastola nyingi za modeli hii zina rangi nyeusi juu ya chuma, na rangi hiyo hubanduka kwanza kwenye kingo zinazosugua ala. Mombasa au Tanga, sehemu iliyobanduka inaweza kuanza wekundu haraka kwa jasho na chumvi. Fungua vibao vya mpini, skrubu moja kila upande, utazame chini yake. Huko ndiko jasho hujificha, na huko ndiko mwuzaji hapangusi. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Kitambaa chenye mafuta kidogo baada ya kila kubeba kinatosha. Mafuta mengi kwenye reli hukusanya vumbi, na kwa reli ndefu za ndani kama hizi, vumbi likichanganyika na mafuta slaidi huanza kurudi kwa uvivu.

Siku ya kununua chukua pamoja nayo kizuizi cha slaidi kimoja, springi mbili za slaidi, springi ya triga na vipini vitatu vya pini ya kupigia. Vyote vinaingia kwenye kibweta cha sindano.