Jiko la kupeleka uwanjani: lipi ununue kabla msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, haujaanza

Watu wakienda dukani huuliza jiko linachukua nyama kilo ngapi. Mimi nauliza kitu kingine: mechi ikikaribia kuanza, hilo jiko utalipeleka wapi?

Swali hilo lilinigharimu. Msimu wangu wa kwanza hapa Kansas City nilikwenda Arrowhead, uwanja wa timu yetu ya Chiefs, na jiko la mkaa. Tukachoma, tukala, watu wakaanza kusogea getini. Nikafunika jiko, nikapapasa ubavu wake, nikaona ni vuguvugu tu, nikalitia kwenye buti. Bahati nzuri mwenzetu mmoja alirudi kuchukua koti, ndiye aliyeuona moshi. Zulia la buti lilikuwa limeyeyuka na kugandamana na miguu ya jiko, na hadi leo jua likikaza ile harufu inarudi. Zulia ni kitu kidogo. Makaa yanayofuka ndani ya gari lililofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu angeingia kujificha baridi humo tungekuwa na habari nyingine.

Kwa waliofika karibuni: teilgeti ni ile shughuli ya kufungua buti kwenye maegesho ya uwanja, saa kadhaa kabla ya mechi, mkala, mkanywa, mkapiga muziki. Jina limetokana na kile kibao cha nyuma cha pikapu kinacholazwa kikawa meza. Aliyewahi kukaa baa ya choma tangu mchana akisubiri Simba na Yanga jioni anaijua hali yenyewe. Ila hapa jiko, meza na hata maji ya kunawa unakuja navyo, na mechi ikiwa ya saa sita mchana unawasha moto saa tatu asubuhi.

Basi nimeyapanga haya majiko kwa kuangalia zaidi namna yanavyorudi nyumbani.

Nafasi ya kwanza: jiko dogo la gesi la mezani

Najua. Choma ya gesi! Mjomba wangu kule Morogoro akisikia atasema Marekani imeniharibu. Lakini ukizima gesi, wavu unapoa wakati mnakunja viti, na majivu hakuna. Tena yako maegesho yasiyoruhusu mkaa kabisa, kwa hiyo soma masharti ya uwanja wako kabla ya kutoa hela.

Ninalotumia ni Weber Q 1200. Wavu wake ni wa chuma kizito na mfuniko unafunga vizuri. Upepo wa maegeshoni hauuzimi moto ovyo. Eneo la kuchomea ni inchi za mraba 189, yaani watu wanne watakula pamoja, wanane watakula kwa zamu. Mkiwa wengi, tazameni yale ya miguu ya kukunja yenye magurudumu, mfano Coleman RoadTrip 285, lenye vichomeo vitatu.

Hapo piga hesabu ya gesi. Kichupa cha gesi cha ratili moja kina nishati ya BTU (kipimo cha joto) kama 21,500. Q 1200 likifunguliwa lote linakula BTU 8,500 kwa saa, kwa hiyo kichupa kinadumu kwa muda wa saa mbili na nusu. RoadTrip linakula 20,000, na kichupa kilekile kinakata baada ya saa moja tu, kuku bado ana damu mfupani. Nunua mpira wa kuunganishia mtungi mkubwa wa ratili 20. Mtungi usafirishe ukiwa wima, na usiuache ndani ya gari juani.

Baridi nayo ina mambo yake. Tarehe 13 Januari 2024 Chiefs walicheza na Dolphins wa Miami hapa Arrowhead kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi. Propani, yaani hiyo gesi ya jiko, ikitoka kwenye kichupa hugeuka mvuke, na kugeuka huko kunakipoza kichupa zaidi. Baridi ya nje ikijumlishwa, mgandamizo unashuka na moto unakuwa kama wa kibatari. Mtungi mkubwa unastahimili zaidi. Wapo wanaokipasha kichupa moto kwa jiko la pembeni. Wewe usithubutu.

Na mbuzi je? Gesi haina moshi wa mkaa, na mbuzi wa bucha za halali za huku mara nyingi ni mgumu. Mimi humchemsha usiku wa kuamkia mechi, kwa tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, mpaka kisu kiingie bila kubembeleza. Uwanjani anamalizwa tu kwenye moto mkali hadi ngozi ya juu ikauke na kingo ziungue kidogo. Ile supu haimwagwi: inaingia kwenye chupa ya chai, na siku ya baridi ndiyo inayoleta majirani. Kuna jamaa mmoja huja na tanuri la kufukiza mbavu linalovutwa na pikapu, la thamani kuliko gari langu, na bado kila mechi anakuja na kikombe.

Nafasi ya pili: jiko la mkaa la duara lenye mfuniko, inchi 18

Kama choma kwako ni mkaa na basi, chukua hili. Umbo lake lina kisa: mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma karibu na Chicago, alilitengeneza kutokana na boya la chuma lililokatwa nusu. Mfuniko ndio uliokuwa ujanja wake, na mpaka leo ndio unaokufanya usinunue jiko lililo wazi.

Usidanganyike na lile la inchi 14 kwa sababu ni rahisi. La 18 linakuwezesha kusukuma makaa upande mmoja na kuacha upande mwingine mtupu: kuku anaanzia kwenye makaa, akishashika rangi anahamia pembeni, unafunika, anaiva hadi ndani. Kwenye la 14 hakuna pa kumhamishia. Anaungua nje huku ndani mbichi.

Pamoja nalo nunua bomba la kuwashia mkaa. Unalijaza mkaa, unawasha karatasi chini, na baada ya dakika kama 20 makaa yako tayari bila kumwagia mafuta, kwa sababu mishkaki yenye harufu ya mafuta haisaidiwi na pilipili yoyote. Nunua pia ndoo ya chuma yenye kifuniko. Ukiziba matundu ya hewa juu na chini, moto huchukua saa nzima na zaidi kufa, kwa hiyo maliza kuchoma mapema, au tumia mapipa ya makaa ya moto pale yalipowekwa. Mimi sasa siamini ubavu wa jiko kwa kupapasa.

Ya tatu: jiko dogo fupi la chuma kizito

Haya ya mtindo wa Kijapani, kama ya kampuni ya Lodge, ndiyo yaliyo karibu zaidi na jiko la mishkaki la barabarani kwetu. Vijiti vinakaa juu ya makaa, unageuza kwa vidole. Kwa mishkaki nalipenda kuliko yote. Lakini halina mfuniko, ni zito, na chuma chake kinashika joto muda mrefu sana. Liwe jiko la pili.

Ya nne: bamba la gesi

Ni bamba bapa la chuma juu ya moto wa gesi, kama yale ya Blackstone. Choma haipo hapa, ila chapati, mayai na vitunguu vinatoka safi kabisa. Hakikisha unapoegesha pako sawa. Penye mteremko mafuta yote yanakimbilia kona moja.

Ya mwisho: jiko la vidonge vya mbao

Linahitaji umeme kusukuma vidonge motoni na kuendesha feni. Liache nyumbani.

Ukibakiwa na dola 20, usinunue aproni yenye nembo ya timu. Nunua kipimajoto cha nyama. Kuku nyuzi 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71, steki ya ng'ombe 63 kisha ipumzike dakika tatu. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili, na jua likipita nyuzi 32 hesabu saa moja tu, maana Septemba hapa bado ni joto. Beba maboksi mawili ya barafu: moja la nyama mbichi, moja la vinywaji. La vinywaji linafunguliwa kila dakika na kila mtu, na nusu yao hawarudishi kifuniko.