Kipimo Kimoja, Hukumu Mbili: Tathmini ya Meli ya Kitalii na Bima Yake

Mei 2022 mimi, mke wangu na mama mkwe tulikuwa tusafiri usiku saba katika Bahari ya Karibiani kwa meli ya kitalii inayoondokea Miami, na bima ya safari tuliinunua palepale kwenye tovuti ya kampuni ya meli, kwa kuweka alama ya vema katika kisanduku kimoja. Melini hatukukanyaga, kwa hiyo ninachokitathmini hapa ni mkataba.

Kanuni ilimtaka kila abiria awe na cheti cha chanjo na majibu ya kipimo cha Uviko-19 kilichofanyika ndani ya siku mbili kabla ya kupanda. Kiafya siipingi, kwani hakuna aliyetaka kurudia yaliyoikuta meli ya Diamond Princess huko Yokohama, Japani, Februari 2020, ambapo zaidi ya watu 700 kati ya 3,711 waliokuwemo waliambukizwa. Kifedha, hata hivyo, siku mbili kabla ya safari ni wakati ambao nauli, tiketi za ndege na hoteli vimekwisha kulipwa, na anayeghairi kwa masharti ya kawaida huondoka mikono mitupu.

Kipimo cha mama mkwe, kilichosimamiwa na mhudumu kwa njia ya video, kilionyesha mistari miwili, yaani maambukizi, tukiwa bado Houston, mabegi yamepangwa mlangoni.

Kampuni ya meli naipa haki yake. Ilirejesha nauli ya watu watatu, kwa kuwa tulikuwa chumba kimoja, tena kwa fedha na si kwa vocha. Mwaka 2020 kampuni kadhaa ziligawa vocha zenye thamani ya asilimia 125 ya nauli. Tarakimu inapendeza, lakini vocha ina tarehe ya mwisho na mwenye nyumba haipokei.

Bima ndiyo iliyotuangusha. Dola 1,046 za ndege na hoteli hazikurudi, kwa sababu ilidaiwa barua ya daktari aliyemwona mgonjwa kabla ya kughairi. Kipimo kilekile kilichotosha kumzuia mama kupanda meli hakikutosha kumfanya mgonjwa mbele ya bima. Sharti hilo lilikuwa ukurasa wa kumi na tisa, nasi tulisoma wa kwanza.

Kanuni ya Marekani iliyoanza Aprili 2022 kuhusu kurejeshewa nauli haikutusaidia, maana inahusu kampuni inapofuta safari au kuichelewesha siku tatu au zaidi. Ambayo ingetufaa ni bima ya kughairi kwa sababu yoyote, ambayo ni ghali zaidi, kwa kawaida hulipa asilimia 50 hadi 75 tu, na lazima inunuliwe mapema baada ya malipo ya kwanza.

Meli nyota nne, bima nyota moja. Februari iliyofuata tulipanda meli ya kampuni hiyohiyo bila kudaiwa kipimo, na bima tulikata kwingine, siku ya tatu baada ya kutoa arubuni.