Maonyesho ya mablanketi ya viraka Mwanza: anzia ukuta wa nyuma

Ukiingia, usisimame mlangoni. Waandaaji wametundika pale mbele kazi zinazong'aa kuliko zote, nyota za vitenge vipya ambavyo bado vinanukia dukani, na watu wamejazana hapo wakipiga selfi. Pita. Nenda ukuta wa nyuma, upande wa madirisha yanayotazama ziwani. Mambo yako kule.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Buzuruga, na kazi inayoniweka mjini ni sare za shule. Nasema mapema ili ujue naangalia kwa jicho gani: mshono kwanza, rangi baadaye. Kiingilio ni Sh 3,000, watoto bure, na kwa hela hiyo sina ugomvi na mtu.

Nyota za mbele nimezikagua kwa haki. Niliomba kuzigeuza nione nyuma, na nyuma ni safi: pembe zimekutana, uzi haujavutwa, pindo limelala. Lakini ukiona ya kwanza umeona na ya kumi. Mchoro umetoka kwenye simu, kitenge kimenunuliwa doti nzima kwa ajili ya kukatwakatwa, na aliyeshona hakulazimika kuamua kitu isipokuwa rangi ipi ikae wapi. Fundi yeyote anayeweza kukupachikia zipu ya suruali ikalala anaweza kukushonea ile nyota. Nilitoka mbele pale nikiwa nimewasifu, na sikuwa na wazo hata moja la kurudi nalo kwenye cherehani.

Ukuta wa nyuma kuna blanketi la bibi mmoja wa Nansio. Mistari mipana ya kijivu na kahawia, suruali za zamani hizo, bado unaona mahali mfuko ulipokuwa kwa sababu pale rangi haikupigwa na jua. Katikati unashuka mstari mwekundu. Ukifika kama nusu, ule wekundu unakatika, na unaendelea mwekundu mwingine kabisa, uliopauka, mwembamba kidogo kuliko wa juu. Jicho linakwenda pale, linaondoka, linarudi. Mwenye kazi alikuwa amekaa chini yake kwenye kiti cha plastiki. Nikamsalimu, "Mwangaluka mayu," akaitika, nikamuuliza kwa nini wekundu umebadilika.

"Kitambaa kiliisha, mwanangu. Sasa ningefanyaje, nilale bila kujifunika?"

Nilimuuliza kama hakufikiria kutafuta kingine kinachofanana. Akanitazama kwa huruma. Ile sehemu ya chini ni sketi yake ya siku nyingi, na ilikuwa ndiyo nyekundu pekee ndani ya nyumba.

Baada ya hapo nilianza kutafuta mahali kitambaa kilipoishia katika kila kazi, na maonyesho yakabadilika machoni pangu. Kuna moja imeshonwa kwa majina ya kanga tu. Mshonaji amekata ule utepe wa maandishi kwenye kanga zilizochakaa, akaunganisha tepe kwa tepe kutoka juu hadi chini, na pale jina lilipokuwa refu kuliko upana wa blanketi amelikata bila huruma. Kwa hiyo unasoma "Japo sipati tamaa" halafu kwenye mshono huo huo "dereva ni Mungu". Chini yake "Mdhaniaye ndiye" na mara "hauozi". Watu walikuwa wanasimama, wanasoma kwa sauti, wanacheka. Kijana mmoja alimsomea mama yake mstari mzima mara mbili. Hapo pia kilichofanya kazi ni upungufu: angekuwa na nafasi ya kuandika majina yote kamili, angepata orodha ya methali, basi.

Kando kuna ubao wa picha. Zimechapwa kwa printa iliyokuwa inaishiwa wino, lakini vumilia usome. Ni mablanketi ya Gee's Bend, kijiji cha watu weusi kule Alabama, Marekani, kilichozungukwa na mto pande tatu. Mwaka 1962, watu wa pale walipokuwa wanataka kujiandikisha kupiga kura, kivuko chao kiliondolewa, na huduma haikurudi mpaka 2006. Mtu wa visiwa vya Ukerewe au Kome hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Wanawake wa kijiji hicho walishona mablanketi kwa nguo za shamba zilizokwisha magotini, ili watoto wasipate baridi, na mwaka 2002 mablanketi hayo hayo yalitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha yakaenda jumba la Whitney, New York.

Makumbusho ni sawa, nawapongeza. Kilichonisimamisha mimi ni zabuni. Ushirika wa ushonaji wa eneo lile, Freedom Quilting Bee, ulioanza 1966, mwaka 1972 ulipata kazi ya kushona foronya za kodrai kwa ajili ya kampuni ya Sears. Kazi ya mteja: rangi kachagua mteja, kipimo katoa mteja. Wao walibaki na masalia, kijani na dhahabu, na masalia yakaenda majumbani yakageuka mablanketi ambayo leo watu wanayatazama kama michoro.

Nikaukumbuka mfuko wangu. Kila fundi wa sare anao, chini ya meza, unajaa kuanzia Novemba shule zinapokaribia: bluu iliyokoza, damu ya mzee, kaki, kijani, tetroni nyeupe. Ukikata suruali inabaki ile pembe yenye tumbo kwenye kiuno. Ukikata sketi ya marinda vinabaki vipande virefu vyembamba. Mimi huwa nawapa vijana wa gereji wafutie oili. Haikuwahi kunijia kwamba zile ni rangi, kwa sababu sikuzichagua mimi, zilichaguliwa na kamati za shule. Na ndiyo maana zinafaa. Damu ya mzee na kaki ni mchanganyiko ambao nisingeuthubutu kwa akili yangu.

Tatizo la ufundi lilikuwa moja. Vipande vya sare havina umbo linalojirudia, na kuvikata upya vipate mraba ni kupoteza nusu. Jibu nimelipata meza ya kulia, ambako dada mmoja anaonyesha ushonaji wa Wasidi, watu wa Karnataka, India, ambao asili yao ni huku kwetu Afrika. Wao hawaanzi katikati. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza ukingoni, wanapachika kipande juu ya kipande huku wanapiga bandi, ule mshono wa kushikiza, kwa mkono, wanazunguka wakielekea kati mpaka kitambaa chote kifunikwe. Hakuna kupima. Kipande kikizidi unakikunja kwa ndani, kikipungua unaongeza kingine. Pembe nne za nje zinawekwa vipande vilivyokunjwa pembe tatu, wanaviita phula, na bila hivyo kazi haihesabiki kuwa imeisha. Dada yule anafundisha vizuri, hana maringo, na anakuachia sindano ujaribu. Kwangu meza hiyo peke yake imelipa kiingilio.

Sasa lawama. Tuko Usukuma. Pamba inalimwa Kwimba, inalimwa Magu, ukivuka kwenda Simiyu ndiyo usiseme. Ila mablanketi karibu yote mule ukumbini yamejazwa faiba ya kiwandani iliyotoka nje ya nchi. Nilipouliza nikaambiwa pamba inasumbua, na ni kweli inasumbua ukiwa mvivu. Pamba isiyoshikizwa inatembea. Mistari ya bandi ikiachana sana, ukilifua blanketi pamba yote inakimbilia chini na unabaki na gunia la viazi. Ile faiba ya kiwandani, iliyotandazwa kama karatasi, inashikana yenyewe, kwa hiyo inasamehe mistari ya mbali. Kuna kazi moja tu yenye pamba halisi, ya Sh 180,000, nikaibinya, tayari ina madonge na haijaona maji. Mshonaji angesogeza mistari yake iwe upana wa vidole vitatu, angekuwa na blanketi bora kuliko yote mle ndani. Bibi wa Nansio, kwa taarifa yako, ndani ya lake ameweka blanketi kuukuu la bweni, na limelala kabisa. Mgongoni kuna kitambaa cheupe ambacho anasema kilifumwa Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza. Kimekuwa laini mpaka unatamani kukilalia.

Nani anajifunika haya mablanketi Mwanza hii? Swali hilo nililisikia ukumbini zaidi ya lolote. Usiku wa masika na upepo wa ziwa utajifunika, miezi mingine tundika ukutani au mtandikie mtoto anayetambaa.

Mpangilio wa ukumbi unahitaji mtu wa kuuonea aibu. Vibandiko vina jina la kazi na bei tu, havisemi kitambaa gani, ndani kuna nini, imeshonwa kwa mkono au kwa cherehani. Taa ni za njano, kwa hiyo bluu iliyokoza na nyeusi zinafanana. Nenda asubuhi, madirisha yakusaidie. Na lile tangazo la "Usiguse" liko kila nguzo. Naelewa, mikono ya watu ina mafuta ya sambusa zinazouzwa nje, lakini kitambaa kisichoguswa ni picha, na picha ninazo kwenye simu. Wangetoa kipande kimoja cha kushikwa kando ya kila kazi. Ukimwomba mwenye kazi kwa heshima anakuruhusu, nimeona wote wanaruhusu.

Tangu niende nimeanza langu, kwa njia ya Wasidi, na nimejiwekea sharti: hakiingii kipande ambacho hakikudondoka kwenye kazi ya mteja. Nina sababu. Ukiamua mwenyewe kwamba wekundu utaishia hapa, hujaishiwa, umeigiza kuishiwa, na nadhani jicho linajua. Upande mmoja una bluu nyingi kupita kiasi kwa sababu shule moja iliagiza sketi kwa wingi, na damu ya mzee bado sijapata oda yake. Nasubiri. Msaidizi wangu anasema tukate tu kidogo kwenye jora. Nimemkatalia. Vijana wa gereji wamenuna.

Bei za kununua: nyota za mbele Sh 250,000 hadi 350,000, na kwa kazi ile si ghali, ukihesabu saa za mtu. La majina ya kanga lilikuwa limeshachukuliwa nilipofika. La bibi haliuzwi, na aliyemuuliza mara ya pili alijibiwa kwa Kisukuma. Vifurushi vya vipande vinavyouzwa mlangoni kwa Sh 5,000 viache. Ni mabaki ya vitenge ambayo fundi yeyote wa Makoroboi atakupa ukimwomba vizuri. Nunua sindano ndefu za bandi zilizo kwenye sahani pembeni yake, Sh 1,000 pakiti. Zina tundu kubwa, uzi mnene unapita bila kulambwa, na mjini nimezitafuta nisizione.