Gemu ya Mpira ya Kununua Dar Ukitaka Mpira Unaofanana na Mpira

Aliyewahi kukaa juani Uwanja wa Benjamin Mkapa kusubiri dabi ya Kariakoo anajua mpira unavyokuwa dakika ya 80. Beki wa kati pumzi zimekata, mikono kiunoni. Winga aliyesumbua kipindi kizima cha kwanza sasa anaomba mpira mguuni. Mtu huyo huyo akirudi mtaani, akaingia kibanda cha gemu na kulipia mechi moja, anamkuta winga wa dakika ya 88 anakimbia kama refa ndiyo kwanza kapuliza filimbi. Kipa anaruka wakati mpira umeshatulia nyavuni. Beki anapiga pasi ya kisigino mita thelathini bila kugeuza shingo, na inafika. Halafu mwaka ukigeuka tunaambiwa tununue tena, jezi mpya, uzembe ule ule.

Mimi naumia kwa hili kwa sababu hela ya gemu kwetu ni hela ya kujibana. Mwaka juzi mpwa wangu alidunduliza miezi kadhaa, tukaenda Kariakoo pamoja, akanunua CD ya PS2 (PlayStation 2) iliyoandikwa 2024 kwa herufi kubwa. Tukaiwasha nyumbani. Majina yalikuwa mapya, lakini miili na mbio zilikuwa za zamani, na mtangazaji alikuwa bado anataja wachezaji walioshastaafu. Mtoto alinyamaza kimya. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja tu: gemu inacheza mpira kiasi gani ukilinganisha na hela unayotoa. Mwaka ulioandikwa kwenye kasha ni kitu cha mwisho kukilipia.

Namba moja: PES 2021, CD, kwenye PS4 iliyotumika

PES ni kifupi cha Pro Evolution Soccer, gemu ya kampuni ya Konami. Najua hii ni ya mwaka 2020. Konami wenyewe walisema wazi kwamba ni PES 2020 iliyofanyiwa marekebisho ya vikosi, wakaiuza kwa bei ya chini kuliko kawaida yao. Huo ni uungwana ambao sijauona mara nyingi kwenye biashara hii. Na mpira wake bado uko hai. Mpira wenyewe una uzito, haujagandishwa mguuni. Pasi ukiipiga mwili haujakaa sawa inakwenda ovyo, kama inavyotakiwa. Mchezaji akichoka anachoka kweli, na kabla ya mechi kuna ule mshale wa hali ya mchezaji: ukiwa umeangalia chini, hata straika wako wa bei mbaya unamwanzishia benchi.

Ukifika nyumbani, nenda kwenye mipangilio, shusha kasi ya mchezo hadi -1, weka mechi ya dakika 15. Kwa hayo mawili tu utaona viungo wanaanza kuwa na kazi.

Kuna jambo jingine linaloifanya ikae juu. Kwenye PS4, PES inakuruhusu kuingiza picha za jezi na nembo kwa flashi. Ligi yetu haimo, lakini unaweza kukaa usiku mmoja ukaitengeneza Simba na Yanga yako, nyekundu kwa njano na kijani, jina la kila mchezaji mgongoni. Mimi nilianza na mabeki wa pembeni na sikulala. Timu nyingi za Uingereza zina majina ya kubuni, Manchester City inaitwa Manchester B, ila kwa njia hiyo hiyo unazirekebisha.

Namba mbili: EA Sports FC 26, lakini kwenye PS5 tu

Hii ndiyo FIFA ya zamani. Jina lilibadilika 2023 baada ya kampuni ya EA inayoitengeneza kuachana na FIFA, shirikisho la soka la dunia. Safari hii EA wamekubali kilio cha miaka mingi: kuna mpira wa aina mbili ndani yake, Authentic na Competitive. Wa kwanza ni wa taratibu zaidi, umewekwa kwa ajili ya wanaocheza wenyewe nje ya mtandao, kwenye Career, yaani kuongoza timu au mchezaji msimu hadi msimu. Cheza huo. Na kama bado unaona mbio zimezidi, zipo sehemu za kupunguza kasi ya wachezaji na kuongeza makosa ya pasi.

Wa pili ni wa mtandaoni, na huko spidi ndiyo mfalme. Huko ndiko utasikia vijana wakilalamika kwamba gemu inambeba mwenzake, na huko ndiko pakiti za Ultimate Team, za kununua wachezaji kwa kubahatisha, zinamaliza hela. Ubelgiji mwaka 2018 waliziita kamari, na EA wakaacha kuuza pointi za kuzinunulia nchini humo mwaka uliofuata. Usimwachie mtoto simu yenye hela karibu na pakiti hizo.

Kwa PS4 usiinunue. HyperMotion, ile teknolojia ya mwendo wa wachezaji inayotangazwa kila mwaka, haipo kwenye PS4. Unalipia sifa za mashine ambayo huna. Hii si mara ya kwanza: FIFA 19 ya PS3 iliandikwa Legacy Edition, maana yake vikosi na jezi mpya juu ya gemu ya zamani. Ukiona maneno hayo kwenye kasha, rudisha. Na kama una PS5 lakini mfuko haujakaa vizuri, subiri Septemba. Toleo jipya likitoka, CD ya mwaka uliopita inaporomoka bei.

Namba tatu: Football Manager 2024, kwa mwenye laptop

Hushiki mchezaji, unafundisha. Lakini kwa uhalisia, uchovu, majeraha, mchezaji anayenuna akikalishwa benchi, hakuna inayoifikia. Toleo la 2025 watengenezaji walilifuta kabisa Februari 2025 kwa sababu halikufikia kiwango, na naliheshimu hilo. Lililofuata, la 2026, lilipokelewa kwa malalamiko mengi. Baki na 2024.

Namba nne: PS2 na PES 6

Kwa bajeti ya chini kabisa. Ya 2006, na Adriano wa Inter bado anapasua nyavu kwa mguu wa kushoto. Iombe kwa jina lake, PES 6, si CD iliyobandikwa mwaka mpya.

Namba tano: eFootball

Ni bure, simu hata PS5, na ndiyo iliyorithi PES. Ilipotoka Septemba 30, 2021 sura za wachezaji zilitisha na Konami waliomba radhi. Imetengenezwa sana tangu hapo. Ila inataka intaneti muda wote, na bando likikata katikati ya mechi umepigwa. Ukihesabu bando la mwezi, hiyo bure ina bei yake.

Unapoinunua PS4 yenyewe

Usikubali kuoneshwa menyu tu. Mwambie muuzaji aweke CD, mechi ianze, ichezwe angalau dakika kumi. Feni ikinguruma kama jenereta, ndani kuna vumbi au imeshafunguliwa. Toa CD, irudishe, mara tatu. Geuza CD kwenye mwanga uangalie mikwaruzo ya duara, hiyo ndiyo mibaya. Nunua na stabilaiza siku hiyo hiyo, umeme wa Dar ukirudi kwa kishindo unaua pawa saplai. Mwisho, mechi ikiwa inaendelea, weka pedi mezani, toa mikono, angalia mchezaji wako. Akianza kutembea mwenyewe, fimbo ya pedi imekufa. Dai nyingine kabla hujatoa hela mfukoni.