Kipimajoto cha sindano kwa tairi za kiwanjani: uzoefu wangu, Lubumbashi

Kama unakimbiza gari kiwanjani na upepo wa tairi unaupima kwa manometa ya kwado (fundi wa tairi) peke yake, tafuta kipimajoto cha sindano. Changu nakibeba kila tunapovuka Kasumbalesa kwenda kukimbia upande wa Zambia, na nakipenda kuliko kifaa kingine chochote kwenye sanduku langu.

Ukitoka kukimbia unaingia kwa mafundi moja kwa moja bila mzunguko wa kupoza tairi, unachoma sindano kwenye mpira sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Katikati pakiwa na moto kushinda kingo zote mbili, upepo umezidi, tairi inakanyagia tumbo. Kingo zikishinda katikati, upepo ni mdogo. Ndani kukizidi nje kidogo, hilo ni la mwinamo wa gurudumu, upepo hauhusiki.

Toyota yangu inavutwa na magurudumu ya mbele, na kiwanja kile kina kona nyingi za kulia, kwa hiyo tairi ya mbele kushoto ndiyo inayoteseka. Nilianza na bari 2.2 ya baridi, yaani kabla ya kukimbia, ile ya kibandiko cha mlangoni mwa gari. Ilirudi na 2.7: ndani nyuzi 88, katikati 93, nje 84. Nikapunguza hapo hapo ikiwa moto, hadi 2.5. Iliporudi tena ilisoma 92, 89, 86. Pua ikaacha kukimbilia nje ya kona. Usukani ulishaniambia kabla sijachoma sindano.

Kipimajoto cha miale, kile kinachopima bila kugusa, pia ninacho. Kina haraka, ila kinasoma uso wa mpira tu, na uso unapoa upesi mno ukisimama. Sindano inaingia ndani kidogo, kule joto linakokaa. Kwa kazi hii nakiacha cha miale nyumbani.

Kasoro zipo. Sindano hupinda ukiichoma mshazari, na namba huchukua sekunde kadhaa kutulia. Anza na tairi iliyofanya kazi kubwa, na mwenzako awe tayari na daftari.

Daftarini andikeni upepo wa moto. Mwezi wa saba asubuhi ni baridi kali, saa nane jua linachoma, na kila nyuzi 10 zinabadilisha upepo kwa karibu bari 0.1. Mimi nalinda ile 2.5 ya moto; ya baridi naipanga upya kila ninapotoka.