Majarida ya kushona kwilti: yapi nanunua, yapi naacha

Nashona kwilti, yaani mablanketi ya viraka, hapa Dodoma, mengi kwa vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi wa Majengo. Wenzangu huniuliza kama majarida ya kwilti ya Marekani na Uingereza yanamfaa mtu wa huku, maana yanauzwa kwa dola na kuyapata ni shughuli. Yanafaa, ila si yote, na sishauri mtu alipie mwaka mzima kwa mkupuo.

Kinachonifanya nitoe hela ni vipimo. Jarida zuri linakupa kipimo cha kukata na kipimo cha kipande kikishashonwa, na hapo ndipo kwilti inapofaulu au kuharibika. Mshono wake ni robo inchi, kama milimita sita, mwembamba kuliko ule tuliozoea kuacha kwenye magauni. Ukitaka mraba utakaobaki inchi 6, unakata 6½. Ukitaka mraba wa pembetatu mbili za rangi tofauti, unaongeza 7/8 ya inchi kwenye kipimo cha mwisho, unakata miraba miwili, unaigawa kona kwa kona. Video za bure zinayapitia haya mbiombio, unarudisha nyuma na bando linakwisha. Ukurasa unatulia pembeni ya cherehani, na umeme ukikatika bado unasomeka.

Kwenye vitambaa ndipo ninapokuwa mkali. Michoro mingi ya siku hizi imepangwa kwa vipande vinavyouzwa huko vikiwa vimekatwa tayari: mistari ya inchi 2½, miraba ya inchi 5, robo yadi iliyokatwa inchi 18 kwa 22. Kwetu unanunua kitenge kizima au unaokota mabaki, kwa hiyo jarida lililojaa michoro ya aina hiyo nalirudisha. Halafu maua ya kitenge ni makubwa. Ukiyakata vipande vya inchi mbili, ua lote linapotea na unabaki na vurugu ya rangi. Natafuta toleo lenye miraba mikubwa, inchi 10 hadi 12, na mistari ya kitambaa kisicho na maua katikati ili macho yapumzike. Na kabla ya kukata, fua kitenge kitoke wanga, uone pia kama kinachuja rangi. Si kila jarida linasisitiza hili, na kwa vitenge vyetu ni lazima.

Jambo la vitanda limenifurahisha. Kitanda wanachokiita cha malkia huko Marekani ni inchi 60 kwa 80, na sita kwa tano yetu ni inchi 72 kwa 60. Upana ni uleule, kwa hiyo unapunguza urefu tu. Sita kwa sita ndiyo inayotaka kuongezwa mstari wa miraba ubavuni. Tabaka la kati wanalopendekeza, lile linalokaa kati ya viraka na kitambaa cha chini, linaweza kuwa zito mno kwa joto la hapa la Oktoba na Novemba. Mimi naweka flana, au blanketi jepesi la mtumba, na linatosha hata kwa baridi ya Juni na Julai.

Karatasi au simu? Toleo la karatasi ni zuri kushika, lakini gharama ya kulisafirisha inaweza kuzidi bei yake. La kidijitali ni nafuu, unalipia kwa kadi ya mtandaoni na unalipata papo hapo. Angalizo ni moja: kama lina ruwaza za kukatia, mwambie kijana wa duka la steshenari achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu mashine ipunguze ukurasa uingie kwenye A4. Kwa kawaida pembeni kuna mraba wa inchi moja wa kupimia. Uupime kwa futi palepale kaunta kabla hujalipa. Ukipungua hata kidogo, ruwaza yote haifai.

Ninayoyapenda zaidi ni ya zamani. Dada mmoja aliyekuwa akiishi nje aliniachia rundo, yakiwemo matoleo ya Quilter's Newsletter, jarida aliloanzisha Bonnie Leman mwaka 1969 na lililofungwa 2016. Matangazo ya maduka ndani yake hayana kazi tena, lakini mraba wa vipande tisa hauzeeki: vipande vya inchi 3½, tisa, unapata mraba wa inchi 9. Ukikutana na ya namna hiyo kwenye vitabu vya mtumba, fungua kurasa za maelekezo kwanza, picha za rangi baadaye. Ukiona kila hatua ina mchoro wake na jedwali la vipimo, chukua. Ukiona picha za vyumba vya watu na maelekezo ya nusu ukurasa, rudisha, na hela hiyo nunua uzi imara wa pamba.

Anayeanza kabisa anunue toleo moja la wanaoanza, ashone mchoro mmoja hadi mwisho, ndipo afikirie la pili. Aliyezoea anunue pale tu anapotaka mbinu asiyoijua. Mimi sasa nasubiri toleo lenye somo la kushona mishono iliyopinda, maana vitenge vya miduara mikubwa ninavyo vingi na mistari iliyonyooka haivitendei haki.